TAHARIRI: Utafiti wa kukuza ngozi haraka usiwe hadithi ya ng'ambo

Kuna methali mbili zinazogombana. Moja yasema haraka haraka haina baraka, nyingine yajibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa kijana aliyeungua na ambaye anasubiri kurekebishwa kovu, zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja.

Ipo njia ya upasuaji inayomwezesha mtu kukuza ngozi yake mwenyewe. Daktari hutia puto la silikoni chini ya ngozi nzima iliyo kando ya kovu. Kidonda kikishapona, mgonjwa hurudi kliniki kila wiki au hivi, puto lijazwe maji ya chumvi kwa sindano, kidogo kidogo. Puto likivimba, ngozi inavutika, na kadiri inavyovutika inaongezeka. Baada ya miezi miwili, mitatu au hata zaidi, mgonjwa anarudi thieta. Puto linatolewa, kovu linakatwa, na ile ngozi ya ziada inavutwa kuziba pengo.

Ukidhani ni uchawi, mtazame mama mjamzito. Ngozi ya tumbo lake huongezeka mwezi baada ya mwezi. Au mtazame mzee wa Kimaasai mwenye ndewe zinazoning'inia hadi karibu na bega. Alianza na kijiti chembamba, akaongeza unene polepole. Hakuna aliyembandika nyama. Ngozi yenyewe iliitikia kuvutwa.

Madaktari waliiga jambo hilo kitambo. Mwaka wa 1957 daktari Charles Neumann wa Marekani alieleza jinsi alivyotumia puto la mpira kupata ngozi ya kutengeneza sikio upya. Wazo likalala, hadi miaka ya sabini Chedomir Radovan na Eric Austad, kila mmoja kivyake, walipounda maputo ya silikoni. Uzuri wa njia hii ni kwamba ngozi inayopatikana hufanana na jirani yake kwa rangi na kwa hisia. Kichwani ndiyo muhimu kabisa, maana ukihamisha ngozi ya paja hadi utosini haitaota nywele za kichwa.

Basi shida iko wapi? Shida ni muda. Tuseme wewe ni mwanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Lodwar na kliniki yako iko Eldoret. Kila wiki unahitaji nauli, mahali pa kulala na mtu wa kukusindikiza. Unakosa masomo huku uvimbe kama embe ukikaa kichwani au shingoni, na watu wanakukodolea macho kwenye matatu. Kila wiki puto linapokaa mwilini ni wiki nyingine ya hatari ya viini kuingia, puto kuvuja, au ngozi kuchoka na kupasuka. Wa kwanza kukata tamaa si mwenye gari. Ni yule ambaye mzazi wake anategemea kibarua cha siku.

Ndiyo maana tunasema utafiti wa kuharakisha ukuaji wa ngozi si anasa ya watu wa urembo. Nchi hii imeona Sachang'wan mwaka wa 2009, Sinai mwaka wa 2011 na mlipuko wa gesi wa Embakasi Februari 2024. Mbali na mikasa hiyo mikubwa, kuna sufuria za uji, taa za koroboi na majiko ya mafuta taa yanayochoma watoto kimyakimya. Kovu la moto hukaza. Likiwa shingoni huvuta kidevu kuelekea kifuani, likiwa kwenye kiwiko mkono haunyooki. Mtoto anakua, kovu halikui naye. Huyo anatafuta kugeuza shingo na kushika kalamu, hatafuti sura ya kupigia selfi.

Wanasayansi wamefika wapi? Mwaka wa 2020 kikundi cha Cédric Blanpain wa chuo kikuu cha ULB mjini Brussels, pamoja na wenzao wa Cambridge, walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Waliweka chini ya ngozi ya panya kitu kinachofura, kisha wakafuatilia seli moja moja. Waligundua kwamba ngozi ikivutwa, seli shina huongeza kwa muda kiwango cha kuzaa seli shina nyingine, badala ya kuzaa tu seli za kwenda juu na kufa. Walipozuia baadhi ya njia ambazo seli hutumia kupasha habari za kuvutwa, ukuaji huo ulikwama. Kumbe ngozi ina "masikio" yanayosikia mvuto. Ukijua masikio hayo yako wapi, unaweza kutafuta namna ya kuongeza sauti.

Wengine wanajaribu njia tofauti. Huko Shanghai, madaktari wa Hospitali ya Tisa ya Umma wamefanya utafiti wa kuongeza seli kutoka kwa uboho wa mgonjwa mwenyewe kwenye ngozi inayovutwa. Wako waliotengeneza maputo yanayofyonza maji ya mwili na kufura yenyewe, bila sindano. Na Marekani, kifaa kinachojazwa hewa ya kaboni dioksidi, ambacho mgonjwa alikiendesha mwenyewe nyumbani kwa rimoti, kilijaribiwa kwa wanawake waliotolewa matiti kwa sababu ya saratani. Muda wa kati wa kujaza ulikuwa siku 21, ilhali kwa sindano za maji ulikuwa siku 46.

Hapo ndipo ile methali ya kwanza inapoingia. Si kila ngozi iliyonyooka imekua. Ukivuta kwa kasi, sehemu ya upana unaouona ni nyuzi zilizolegea, maji yaliyokamuliwa na ngozi iliyoazimwa kwa majirani. Puto likitolewa, ngozi hiyo hunywea kama mpira. Ukizidisha presha, mishipa midogo ya damu hubanwa na ngozi hufa, nawe unarudi nyumbani na kovu kubwa kuliko ulilokuja nalo. Tena, dawa yoyote inayochochea seli kugawanyika inafaa kuulizwa swali gumu: je, itajua kuacha? Saratani nayo ni seli zilizokataa kuacha. Kwa hivyo yeyote anayejisifu kwa kasi aonyeshe ngozi iliyobaki baada ya puto kutoka, na hali ya mgonjwa miezi mingi baadaye.

Lakini tahadhari isiwe kisingizio cha kukaa tu. Tunaona mambo manne yanayoweza kufanyika hapa nyumbani.

Kwanza, wizara ya afya na kaunti zitenganishe kazi ya thieta na kazi ya sindano. Kulitia puto kunahitaji daktari bingwa, sawa. Lakini kulijaza ni kazi ambayo muuguzi aliyefunzwa vizuri, mwenye mawasiliano na daktari huyo, anaweza kuifanya katika hospitali ya kaunti karibu na kwa mgonjwa. Hatua hii haingoji uvumbuzi wowote. Haitapunguza siku za puto mwilini, ila itapunguza siku za barabarani, na hizo ndizo zinazowamaliza watu.

Pili, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iwaeleze wananchi wazi kabisa ni upasuaji upi wa makovu ya moto inaolipia na kwa kiasi gani. Kovu linalofunga kiungo lisiwekwe kapu moja na upasuaji wa kujipodoa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Hakisemi haki hiyo inaisha moto ukizimwa.

Tatu, vyuo vikuu vyetu na KEMRI viingie kwenye utafiti huu mapema. Watu wenye ngozi nyeusi hupata zaidi yale makovu yanayofura na kuenea kupita kidonda chenyewe, keloidi. Dawa inayochochea ngozi ya panya wa Brussels au ya mgonjwa wa Shanghai inaweza kutenda tofauti kwa kijana wa Kisumu. Tukingoja wenzetu wamalize, tutauziwa kitu ambacho hakikupimwa kwa ngozi kama yetu, halafu tuanze kulalamika. Nao wagonjwa wetu wakishirikishwa kwenye majaribio, waelezwe hatari kwa lugha wanayoielewa, na waruhusiwe kukataa.

Nne, ni zamu yako wewe unayesoma hapa. Kama unapenda baiolojia, fizikia au uhandisi, hapa kuna kazi tele. Swali la ni nguvu kiasi gani ivute ngozi, na kwa saa ngapi, ni la hesabu na mashine sawa na lilivyo la udaktari. Kama huna mpango na sayansi, basi angalau usidanganyike mtandaoni. Neno "seli shina" sasa limekuwa chambo cha matapeli. Mtu akikuahidi kufuta kovu kwa sindano moja, muulize amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC, au la, na majaribio ya dawa yake yalifanyiwa nani. Akianza kuzungukazunguka, toka.

Na ukikutana na kijana mwenye puto chini ya ngozi ya kichwa, usimpige picha. Mpishe akae. Anafanya kazi ngumu kuliko tunavyodhani, ya kukuza ngozi mpya kwa subira. Wajibu wa serikali na watafiti wetu ni kuhakikisha subira hiyo haiwi ndefu kuliko inavyohitajika, wala haifupishwi kwa gharama ya maisha yake.