Tarehe ya Mkataba Isomwe Mapema

Ndugu zangu, sisi watu wa Ihanda twajua maana ya kukaa kwa hisani ya mwingine. Hapa Ziwa Magharibi, ambako leo ni Kagera, wakulima wengi walitoa ada kwa mabwana wa nyarubanja, mpaka sheria za 1965 na 1968 zilipoufuta utaratibu huo.

Kwa hiyo habari ya wapangaji wa Marekani si ya mbali nasi. Huko, tangu sheria ya 1974, Serikali hufanya mkataba na mwenye nyumba: mpangaji maskini hulipa, kwa kawaida, asilimia 30 ya pato lake, na Serikali humalizia kodi. Mikataba hiyo ina mwisho, na orodha yake hutangazwa kwa watu wote.

Lakini orodha ina mitego. Kwanza, jengo moja laweza kuwa na mikataba miwili au zaidi. Anayehesabu mikataba akidhani ni majengo amepotea. Pili, tarehe ya mwisho si tarehe ya kufukuzwa, maana mkataba waweza kufanywa upya. Tatu, orodha haionyeshi nia ya mwenye nyumba. Ndiyo maana sheria yamtaka awape wapangaji taarifa mwaka mmoja kabla.

Mwaka huo ndio silaha ya mpangaji. Asiyesoma huupoteza.

Basi, wanachama wenzangu, kila daftari la Serikali lihusulo nyumba au shamba lisomwe mkutanoni kwa sauti, safu kwa safu, mpaka mzee wa mwisho aelewe. Haki isiyosomwa ni jembe lisilo na mpini.