Mkono wa Yanga na ringi ya mpwa wangu

Huku Olmotonyi baridi ya Mlima Meru inaning'ata masikio, lakini chai ya maziwa ipo, kwa hiyo silalamiki.

Wiki hii tupige stori za michezo. Kwanza niweke mambo hadharani nisije nikarushiwa mawe huko mbele: mimi ni Simba. Simba wa kurithi! Mwaka 1993 mzee wangu alikaa na redio yake akisubiri Kombe la CAF lije Msimbazi. Tulishatoka 0-0 na Stella kule kwao Abidjan, kila mtu akajua kazi imekwisha. Kilichotokea Dar mnakijua, tulilala 2-0 mbele ya macho yetu. Mzee akazima redio, akaenda kulala bila kula. Ugonjwa wenyewe ndio huo niliorithi.

Sasa sikilizeni mkasa wa Novemba 2023. Simba na Yanga walikuwa wanakutana Jumapili tarehe 5, pale Uwanja wa Mkapa. Mimi nilishajichanga miezi miwili: nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, hela ya kula, na jezi mpya maana ya zamani ilishakuwa ya rangi ya waridi kwa kufuliwa. Jumla ilipita laki moja na nusu. Kwa mtu wa kipato changu hiyo si hela ya kuchezea, lakini mapenzi hayana mahesabu, au siyo?

Siku tatu kabla ya safari, mpwa wangu akaja geto. Ni mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na mrefu huyo! Akiingia kwangu anainama mlangoni kama anaingia pangoni.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba. Leo una shida gani?"

"Anko, tunaomba utusaidie ringi ya basketi. Nguzo ya mkaratusi tumeshaipata, ubao tumepewa. Fundi wa kuchomelea pale Ngaramtoni anataka elfu ishirini na tano."

Nikacheka. Nikamwambia basketi ni mchezo wa watoto wa ushuani, yeye na urefu wake akakae golini, atakuja kuidakia Simba. Akasema, "Sawa, anko." Akaaga kwa heshima, akainama mlangoni, akaondoka. Hakubishana hata kidogo. Bora angebisha!

Jumamosi alfajiri nikadandia basi. Jumapili nikakaa jukwaani, koo tayari. Dakika za mwanzo tu Yanga wakafunga. Kibu Denis akarudisha, nikamkumbatia mtu ambaye mpaka leo simjui jina. Mapumziko 1-1. Kipindi cha pili... wee acha tu. La pili, la tatu, la nne, la tano. Mkono mzima! 5-1. Jezi mpya nikaifunika na sweta langu la Arusha, kwenye joto lile la Dar, nikatoka nalo hivyo hivyo mpaka stendi.

Kesho yake, safari ya kurudi. Kutoka Dar mpaka Arusha kwa basi ni siku nzima, na mtu aliyepigwa mkono hana usingizi. Pale Chalinze nilikuwa namlaumu mwamuzi. Pale Korogwe nilikuwa namlaumu kocha (siku mbili baada ya mechi na yeye akaonyeshwa mlango). Tulipofika Same nilikuwa sina tena wa kumlaumu, nikaanza kufikiri.

Nikawaza hivi: kwa nini soka limetushika hivi? Nadhani ni kwa sababu goli ni adimu. Unasubiri dakika 90 kitu ambacho huenda kisije kabisa, kwa hiyo kikija unapata wazimu. Kikapu ni tofauti, pointi zinamwagika kama mvua. Halafu soka unaweza kulidanganya: kipa akalala chini akishika goti, beki akatembea kwenda kurusha kama anakwenda msibani. Kwenye kikapu wapi! Mna sekunde 24 tu muwe mmerusha, na wachezaji ni watano kila upande, mtegaji anaonekana mpaka na mama yake. Sare nayo haipo, mkilingana mnaongezewa muda mpaka apatikane mbabe. Mchezo wa kibishi, lakini wa haki.

Nikawaza tena: mbona basi huku kwetu kila mtoto anapiga soka na kikapu hakionekani? Tunasema eti hatuna vipaji. Vipaji? Hasheem Thabeet ni kijana wa Dar, na alianza kushika mpira wa kikapu ana miaka kama 15 hivi. Umri ule ule wa mpwa wangu! Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua namba mbili katika uteuzi wa NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. James Harden alikuwa namba tatu, Stephen Curry namba saba. Ni kweli wenzake hao wakaja kumwacha mbali, na Wamarekani wengi wakamsema sana. Waseme. Mimi ninachojua ni kwamba siku ile jina la Bongo liliitwa kabla ya jina la Curry.

Hapo ndipo nilipoipata siri yenyewe, ndani ya basi. Soka mtoto anajianzishia mwenyewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, watoto wakahamia kwenye matambara na soksi kuukuu, chandimu ikaendelea. Mawe mawili hapa, mawili pale, mechi inaanza. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, Februari 2020 akafunga goli Ligi Kuu ya Uingereza akiwa Aston Villa, na njia ya kufika huko kwa vijana wetu huanzia kwenye chandimu. Lakini ringi haijiweki juu yenyewe. Mita tatu na sentimita tano kutoka chini! Mtoto hawezi kuisimamisha kwa mawe mawili. Lazima awepo mtu mzima wa kuchimba shimo, kushika ngazi na kumlipa fundi. Na mtu mzima mwenyewe alikuwa amekwenda Dar kununua bao tano.

Na jamani, tunaishi Olmotonyi! Chuo cha Misitu kiko hapa, shamba la miti la Serikali liko hapa, ukifumbua macho asubuhi unaona miti. Kijiji cha miti kikose mlingoti mmoja wa kikapu? Aibu hiyo niiweke wapi?

Nilifika usiku. Asubuhi nikapita kwa dada, nimejiandaa kuzomewa maana nyumba ile wote ni Yanga. Mpwa wangu akanipokea, "Pole na safari, anko." Basi. Hakutaja goli hata moja. Nyuma ya nyumba nikaona ndoo ya dada yangu imekatwa kitako, imepigiliwa kwenye mgrevilea. Vijana wanne walikuwa wanarusha humo mpira uliotoboka na kujazwa matambara.

Kwa taarifa yenu, mchezo huu ulianza hivyo hivyo. Mwaka 1891 kule Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alipigilia vikapu viwili vya matunda ukumbini, na hakukumbuka kuvikata kitako. Mpira ukiingia, mtu anapanda ngazi kuutoa. Mpwa wangu kitako alishakikata. Alikuwa ameshampita mwalimu!

Sikusema kitu. Nikaiuza jezi kwa mshkaji wa kijiweni asiyejali mkono, kwa bei ya kutupa, nikajazia kidogo, nikaenda Ngaramtoni. Fundi akapinda nondo, sentimita 45 kutoka ukingo hadi ukingo. Jumamosi tukachimba shimo. Nguzo ilisimama imepinda kidogo upande wa mlima, na mpaka leo imepinda.

Mnataka niwaambie mpwa wangu yuko NBA? Hapana, tusidanganyane. Amemaliza shule, siku za wiki anatafuta riziki mjini, wikiendi anacheza kikapu na wenzake. Lakini jioni pita pale nyuma kwa dada. Kuna vibinti vya darasa la tano vinagombania mpira, na kimoja kinarusha kwa mkono mmoja kama hakuna kesho.

Septemba 2023 CAF iliipa Tanzania, Kenya na Uganda AFCON ya 2027, na Arusha ikapangiwa uwanja mpya wa watu 30,000 pale Olmoti. Kijiweni kwetu walisikia nusu ya jina, wakashangilia na kuanza kupandisha bei za viwanja. Kumbe Olmoti siyo Olmotonyi! Nilicheka mpaka machozi. Wao uwanja wao ni wa Serikali. Wetu sisi ulikuwa wa elfu ishirini na tano, na nusura tuukose.

Simba sijaiacha, msije mkanielewa vibaya. Ila sasa kila nikipanga safari ya Dar, nauliza kwanza kwa dada kama nyavu za ringi zimechakaa.

Na huko mtaani kwako, ni mtoto gani mrefu uliyemwambia akakae golini? Tukijaliwa, wiki ijayo tena. Baibai!