Kamina–Kinshasa: karibu kwenye karte, mbali kwa mutu

Tuchukue karte, tuvute mustari toka Kamina mpaka Kinshasa. Ni karibu kilometre 1.200. Ndege kubwa inamaliza safari ile kwa saa moja na nusu hivi. Na juu saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, mutu anayeruka hapa saa mbili asubuhi angefika kule saa mbili na nusu, masaa ya bureau inaanza tu.

Lakini siye wa Haut-Lomami tunajua safari ingine. Siku ndege ya moja kwa moja inakosekana, tunashuka kwanza Lubumbashi, kilometre 420 kwa mustari, tena kwa kugeuzia Kinshasa mugongo. Kiisha tunapanda ndege ya kilometre 1.570. Jumla karibu 2.000, mahali pa 1.200. Na ile 420 ya kwanza, mutu wa balabala ao wa treni haihesabu kwa masaa, anaihesabu kwa siku.

Katika 2015 waligawanya Katanga, Kamina ikakuwa chef-lieu. Walituambia sababu: kuleta Leta karibu na raia. Tulishangilia. Leo, mwenye karte inamulazimisha kwenda Kinshasa, mugonjwa anayetumwa kwa munganga mukubwa, mutoto anayeitwa kwa masomo ya juu, wote wanapitia tena kwa mulango wa zamani. Tuligawanywa kwa karatasi, lakini njia haikugawanywa.

Na haiko kusema Kamina ni pori. Reli tatu zinakutana hapa: ya Lubumbashi, ya Kasai mpaka Ilebo, na ya Kabalo. Pembeni ya muji kuko base ambayo Wabelgiji walijenga kisha vita ya pili ya dunia. Katika 1960 wanajeshi wa ONU waliingia mule. Wakati wa vita, wakubwa hawakusema Kamina iko mbali.

Tunasikia jibu la wenye ndege: mafuta ni bei kali, wasafiri ni kidogo. Ni kweli, mafuta haiko ya bure. Lakini wasafiri watatoka wapi kama siku ya ndege haijulikane? Muchuruzi hawezi kufunga muzigo kwa ajili ya ndege ya « pengine ». Anaenda kwa balabala, na kesho wanasema: munaona, Kamina hakuna watu.

Kwa hiyo hatuombi maajabu. Tunaomba vitu vitatu. Siku moja kila juma, ya kujulikana, hata kwa ndege ndogo. Bei yenye kubandikwa kwa wote, isiyobadilika mbele ya dirisha. Na kama safari imekufa, watuambie mbele, mutu asilale na mugonjwa wake kwenye uwanja. Guvernere na wadepute wetu wanaweza kukaa na wenye ndege kwa meza moja na kuandika mapatano: ni nani anahakikishia viti ngapi, kwa miezi ngapi.

Ndugu zetu wa Kinshasa, mukiona mutu wa Kamina amechelewa kwa rendez-vous, musimuulize kwa nini hakuamuka mapema. Aliamuka mapema. Pengine aliamuka juma iliyopita.