Ukweli si Masimulizi Matupu

Baadhi ya wahakiki humtaja Thomas Kuhn, na kitabu chake cha 1962, kila wanapodai kwamba sayansi ni masimulizi tu, sawa na riwaya. Kuhn mwenyewe hakufika huko, na dai lenyewe halina mashiko. Ernst Mach na Wilhelm Ostwald walishikilia kwamba atomu ni istilahi ya kurahisishia hesabu, wala si kitu kilichopo. Baada ya majaribio ya Jean Perrin ya 1908 kuhusu mwendo wa chembe majini, Ostwald alikiri kosa lake. Mwaka 1913 Perrin akaonyesha kwamba njia zaidi ya kumi za kukadiria idadi ya molekuli, zisizotegemeana, hutoa majibu yanayokaribiana. Ni msimulizi gani aliyezipatanisha?

Ni kweli kwamba etha, iliyoaminiwa na wanafizikia wa karne ya 19, ilitupwa. Lakini hakuna kosa pasipo jambo lililokosewa. Mhakiki anayeufuta ukweli katika maabara ameufuta katika uhakiki pia: hana tena haki ya kumwambia mwanafunzi kwamba ameisoma riwaya vibaya.