Fimbo laini, kambale jitu: nani zaidi?

Wiki hii tunawaacha wapenzi wapumzike kidogo, tunapanda daladala ya Usa River na kushuka Tengeru, tunateremka hadi Ziwa Duluti. Vijiweni kuna ubishi: eti kale kafimbo kembamba ka kuvulia kwa boya, kanakotikisika hata ukikohoa, kakikutana na kambale wa kilo tano si kanageuka njiti za kiberiti?

Jibu langu: hakavunjiki, mradi uwe na akili na usiwe na papara. Tena kama uzi wako ni mwembamba, asikudanganye mtu, fimbo ngumu kama mpini wa jembe ndiyo itakayokuliza.

Sikiliza, mshkaji. Samaki akiwa majini ni kama hana uzito, maji yanambeba. Unachopigana nacho ni mbio zake. Kambale akikurupuka, mshtuko wote unakwenda kwenye uzi. Fimbo ngumu haina msalie mtume, uzi unakatika ta! Fimbo laini inapinda na kuumeza ule mshtuko, kama springi za gari kwenye makorongo. Uzi unapona, na samaki anaendelea kuchoka.

Sasa utaniuliza, mbona mkono unauma kama umebeba gunia? Hesabu ni hii. Chukua fimbo ya mita nne, mkono wa chini uko kwenye kitako, wa juu uko nusu mita mbele yake. Samaki akivuta kwa nguvu ya kilo moja kule nchani, mkono wa juu unalipa kama kilo nane! Fimbo ikipinda inakuwa kama imefupishwa, mzigo unapungua. Kwa hiyo mara nyingine unajiona unapigana na mamba, kumbe kenyewe ni kakambale ka kawaida.

Kama fimbo yako ina kile kigurudumu cha kuzungushia uzi, tengeneza breki kabla hujatupa ndoana. Uzi unaokatika kwa kilo tatu, breki iachie kwenye kilo moja hivi. Akikimbia, mwache akimbie. Akisimama, unarudisha taratibu. Na fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni ikisuguana ikiwa kavu inapata joto na kudhoofika.

Wewe mwenye ufito wa mwanzi usio na kigurudumu, huna uzi wa akiba. Dawa yako ni miguu: mfuate ufukweni na uhakikishe ufito umepinda wakati wote. Ukiacha ufito na uzi vinyooke mstari mmoja kuelekea kwa samaki, kwisha habari yako.

Na fimbo zenyewe zinavunjika vipi? Mara nyingi ni pale mwishoni, samaki yuko miguuni, mtu kwa furaha anainua fimbo wima mpaka inalalia nyuma ya kichwa. Hapo kazi yote inabebwa na ile ncha nyembamba, pwaa! Kosa lingine ni kumnyanyua samaki kwa fimbo. Akitoka majini uzito wake wote unarudi. Tumia kijinyavu cha mkono, na angalia mapezi ya kifuani, yana miiba. Wala usimtupe nyasini ukageuka kupiga soga, kambale anapumua hewa na anaweza kutambaa akarudi zake majini, ukabaki unamlaumu mchawi.

Lakini nisikutie ujinga. Fimbo laini haina nguvu ya kumzuia samaki asiingie kwenye matete au mizizi. Vua mahali pa wazi. Na usiibebe kwenda Mwanza kumtafutia sangara, yule anaweza kufika kilo 200, atakuchukua wewe na fimbo yako. Kama unataka kumrudisha samaki majini, usimchezee nusu saa nzima, anachoka hadi kufa. Kaza kidogo, umalize.

La mwisho, na hapa sitanii. Duluti ni kreta ya volkano, siyo dimbwi la kuchezea. Usimfuate samaki majini eti kwa sababu demu wako anakuangalia. Uzi ukikatika, mwache aende. Perege sokoni hawajaisha, lakini roho hainunuliwi. Na lile ni eneo la hifadhi ya msitu, pita getini, lipa kiingilio na ulizia utaratibu wa kuvua kabla hujatoa minyoo yako mfukoni.

Ukipata kambale, mkaushe moshi, unga na nazi, ugali pembeni, uniite. Ukikosa, pia uniite, nataka kusikia utakavyomrefusha.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda!