Mbigili Haijengi Misuli

Mbigili, mmea utambaao ambao miiba yake huchoma nyayo za watoto na kutoboa magurudumu ya baiskeli, huuzwa siku hizi ndani ya chupa zenye picha za vifua vipana. Jina lake la kitaalamu, Tribulus terrestris, limeupa heshima ambayo jina la kienyeji lisingeupa. Muuzaji huahidi kuwa mmea huo huongeza homoni ya testosteroni, na misuli nayo ikatanuka.

Sifa hizo zilienezwa na madai kwamba wanyanyua uzani wa Bulgaria waliutumia. Zilipopimwa, hazikusimama. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, wachezaji 22 wa raga nchini Australia waligawanywa: baadhi walimeza miligramu 450 za mbigili kila siku kwa wiki 5, wengine vidonge visivyo na dawa, na wote wakanyanyua vyuma. Nguvu ziliongezeka katika makundi yote mawili bila tofauti. Kazi ilifanywa na mazoezi. Sifa zikachukuliwa na chupa.

Hata hivyo, si haki kuitia mimea yote katika kapu moja. Soya imejitetea vema. Nchini Brazil, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalilinganisha vijana 19 wasiogusa chakula chochote cha wanyama na wenzao 19 walao nyama. Kila mmoja alipata gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, wa kwanza wakiongezewa protini ya soya, wa pili ya maziwa. Baada ya wiki 12 za mazoezi, misuli ya miguu na nguvu zake ziliongezeka kwa kiasi kilekile. Kwa kijana wa kilo 60 hizo ni gramu 96 kwa siku, nazo si haba. Lakini maharage, karanga na soya hupatikana sokoni bila picha ya kifua.

Hasara ya fedha ndiyo ndogo. Wachunguzi wa Cologne, Ujerumani, walipopima virutubisho 634 kutoka nchi 13, walikuta 94 vina steroidi ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Matokeo yao yalitoka mwaka 2004. Steroidi za namna hiyo zaweza kumvimbisha mwanamume matiti na kudhuru ini. Kijana mwenye macho ya manjano akiulizwa kliniki anatumia dawa gani, hujibu kwa unyofu kuwa hatumii yoyote, kwani ameambiwa ni mmea tu. Heri daktari amwombe ailete hiyo chupa.