Ada ya Barabara: Kizuizi au Mizani?

Njia inayoachana na barabara kuu pale Bububu na kupanda hadi Kidichi hupitiwa na watu wa kila namna. Asubuhi hushuka baiskeli zilizofungwa matenga ya ndizi na mashelisheli. Daladala huteremsha wanafunzi. Jua linapopanda hufuata magari ya watalii wanaokwenda kutazama mashamba ya viungo na hamamu ambazo Seyyid Said aliamuru zijengwe yapata mwaka 1850. Katikati ya hao wote hupita malori ya mchanga, mawe na matofali, maana Unguja inajengwa. Njiani hapo hakuna kizuizi wala karani wa kukata tikiti, na kwa sababu hiyo wengi husema kuwa barabara ni ya bure.

Barabara si ya bure. Katika bei ya kila lita ya petroli na dizeli mna fungu linalokwenda kwenye Mfuko wa Barabara, na dereva wa daladala hulirejesha fungu hilo kwa abiria wake ndani ya nauli. Mama anayepeleka karafuu mjini hulipa, ijapokuwa hana gari. Kwa hiyo swali linalowapasa wananchi si kama barabara ilipiwe au isilipiwe. Swali ni la kipimo: kila mmoja alipe kwa kadiri ya nini?

Majirani wa Zanzibar wamelijibu swali hilo kwa kizuizi. Dar es Salaam, Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Asilimia 60 ya gharama ilitoka katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii na asilimia 40 serikalini, na mwenye gari hulipa kila avukapo, ingawa viwango vilipunguzwa mwaka 2022. Uganda ilianza kutoza katika barabara ya haraka ya Kampala hadi Entebbe mnamo Januari 2022, shilingi 5,000 za Uganda kwa gari dogo. Mwaka huohuo Nairobi ilifungua barabara yake ya juu yenye kilomita 27, na kampuni iliyoijenga ikapewa miaka 27 ya kurejesha fedha zake kwa tozo. Gari dogo likipita urefu wote lililipa shilingi 360 za Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 2024 zikawa 500.

Jambo hili si geni katika pwani hii. Mwaka 1931 kampuni moja iliunganisha kisiwa cha Mombasa na Nyali kwa daraja la maboya, ikatoza wavukaji. Ugomvi kuhusu magari ya jeshi, kama nayo yalipe, ulifika hadi Mahakama ya Rufani ya London mwaka 1955. Na ardhi yenyewe ilikuwa katika ule mwambao uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Unguja nayo ilikuwa na daraja lake juu ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yamefukiwa, daraja halipo, na jina la Darajani ndilo lililobaki.

Mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliyachunguza mambo haya mwaka 1844, na hoja yake haijachakaa. Daraja likiisha kujengwa, mtu mmoja zaidi anayevuka halipunguzii chochote. Mathalani, watu 1,000 wangependa kuvuka kila siku, na ada ikiwekwa 600 tu wanavuka. Wale 400 waliorudi nyuma wamepoteza safari yao, na hasara hiyo haikumfaidia mtu yeyote: mwenye daraja hakupata senti kwao, wala daraja halikupumzika. Ada iliyolipwa imehama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, lakini safari isiyofanyika imepotea kabisa. Dupuit hakusema kwamba ada zifutwe; deni la ujenzi lazima lilipwe. Alichoonyesha ni kwamba kizuizi kina gharama isiyoandikwa katika daftari la mapato.

Gharama hiyo huwa ndogo pale penye njia nyingine. Nairobi, asiyetaka kulipa hubaki katika barabara ya Mombasa iliyo chini. Uganda, barabara ya zamani ya Entebbe ingalipo. Kigamboni mambo ni magumu zaidi. Mwenye gari akiliepuka daraja hana budi kupanda pantoni, nayo hulipiwa, au kuzunguka mbali kupitia Mbagala na Kongowe. Haishangazi basi kwamba manung'uniko yametoka zaidi huko. Ada isiyo na njia mbadala ni kodi iliyovishwa nguo za biashara, na yafaa iitwe kwa jina lake. La kusifiwa ni kwamba mwenda kwa miguu haombwi kitu darajani.

Unguja haina mto mpana wala kilomita 27 za barabara ya juu. Kuweka kizuizi Bububu kungemzuia yuleyule mwenye baiskeli na abiria wa daladala, na pengine mshahara wa makarani ungekula nusu ya mapato. Lakini kuiacha ada ndani ya bei ya mafuta peke yake nako kuna dosari, na hapa ndipo sayansi inapostahili kusikilizwa.

Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, malori yaliendeshwa mchana na usiku juu ya vipande vya barabara vilivyojengwa kwa majaribio. Wahandisi walitaka kujua ni uzito gani unaovunja barabara. Jibu lilikuwa la kutisha: madhara hayaongezeki sawasawa na uzito, bali karibu sawa na kipeo cha nne cha uzito unaokaa juu ya kila ekseli. Ekseli yenye uzito maradufu haiharibu maradufu. Huharibu mara 16. Kipeo chenyewe hubadilika kidogo kwa kutegemea unene wa lami, udongo na maji ya mvua, lakini hakuna mhandisi anayepinga kwamba uzito huo ndio unaoamua.

Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuihesabu maana yake. Ekseli ya daladala ndogo iliyojaa ichukuliwe kuwa na tani 1.5, na ekseli ya nyuma ya lori la mchanga tani 10, kiwango ambacho sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inakiruhusu kwa ekseli moja ya kuendeshea yenye magurudumu manne. Gawanya, kisha pandisha kwenye kipeo cha nne: jibu linakaribia 2,000. Pita moja ya ekseli ile huumiza barabara kama pita 2,000 za ekseli ya daladala. Je, lori hilo hunywa dizeli mara 2,000? Hunywa pengine mara tatu au nne. Na mwenye lori akizidisha tani 2 tu juu ya zile 10, madhara huwa zaidi ya maradufu, ilhali mafuta huongezeka kidogo mno. Kwa kipimo cha mafuta, basi, abiria wa Kidichi humlipia mwenye mchanga.

Itasemwa kwamba lori likitozwa zaidi, bei ya mchanga itapanda na mjenzi wa nyumba ataumia. Ni kweli kwamba itapanda. Lakini gharama hiyo haizaliwi na tozo. Ipo tayari, imo katika mashimo ya barabara na katika nauli za wasiojenga. Isitoshe, mwenye lori akilipa kwa ekseli atajifunza upesi kununua lori lenye ekseli nyingi: mzigo uleule ukigawanywa sawasawa juu ya ekseli mbili badala ya moja, madhara hushuka hadi sehemu moja ya nane. Kodi ya mafuta haimfundishi hilo. New Zealand imekuwa ikiyatoza malori ya dizeli kwa uzito na mwendo tangu mwaka 1978, na Uswisi imefanya vivyo hivyo kwa magari mazito tangu mwaka 2001.

Kuna sababu nyingine ya kutokawia. Magari na pikipiki za umeme hazinywi petroli. Kadiri zinavyoongezeka, ndivyo fungu la barabara litakavyopungua huku magurudumu yakibaki yaleyale. New Zealand ililiona hilo, na tangu Aprili 2024 magari ya umeme nako hulipa kwa kilomita.

Mahali pa kuanzia Unguja panajulikana: mashimo ya mchanga, machimbo ya mawe, na lango la bandari ya Malindi, ambako mizigo hupakiwa na aghalabu huandikwa. Penginepo yatosha mizani ya kubebeka, ambayo hutandazwa juu ya lami na kupima ekseli moja moja. Asubuhi ikawa Bububu, alasiri Mahonda, na baiskeli ya ndizi ikapita kando yake bila kusimamishwa.